Naamani hakutoka mutoni mara ya pili

Masomo: 2 Wafalme 5:1-14, Luka 17:11-19



Juma hili ninataka kusema juu ya ugonjwa unaoketi pamoja nasi kwenye viti vya kanisa: kifua kikuu, ule tunaoita pia tuberkilozi. Inchi yetu ya Kongo ni kati ya inchi 30 za dunia zinazolemewa zaidi na ugonjwa huu. Mimi si muganga. Ninasema kama muchungaji aliyekosa.

Miaka michache iliyopita, mama mumoja wa kusanyiko letu alikuwa anameza dawa za kifua kikuu. Kisha miezi miwili kikohozi kikakwisha, akaanza kula, mwili ukarudi. Siku moja ya Mungu akasimama mbele yetu na kutoa ushuhuda: "Yesu ameniponyesha, vidonge nimeviacha!" Kanisa zima likapiga makofi. Mimi pia nilipiga makofi. Sikumuuliza hata swali moja.

Miezi ikapita, kikohozi kikarudi, mara hii pamoja na damu. Wakamupima na kuona kwamba mikrobe zimekuwa sugu, dawa za kwanza haziziwezi tena. Mutoto wake mudogo alikuwa ameambukizwa. Mama huyo yuko hai, Mungu ashukuriwe, lakini aliteseka muda murefu. Ninajua kwamba makofi yangu yalikuwa ndani ya mateso yale.

Sababu gani miezi sita?

Mikrobe ya kifua kikuu, ile ambayo muganga Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba ameivumbua, haifi yote kwa mara moja. Zile zinazozaana kwa haraka zinakufa katika majuma ya kwanza. Ndiyo maana kikohozi kinapungua upesi. Lakini zingine zinalala kama makaa chini ya majivu. Kila mama anayepika na makala anajua: jioni unasema moto umezimika, asubuhi unapuliza kidogo, unawaka.

Kwa hiyo, kwa kifua kikuu cha kawaida, mugonjwa anapewa dawa ine kwa miezi miwili: rifampisini, izoniazidi, pirazinamidi na etambitoli, mara nyingi zikiwa pamoja ndani ya kidonge kimoja. Kisha anaendelea miezi ine na mbili tu, rifampisini na izoniazidi. Ukiacha katikati, zinazobaki hai zinaweza kuwa zile zenye nguvu. Na yule utakayemuambukiza atapokea mikrobe sugu tangu siku ya kwanza.

Naamani aliambiwa kuzama mara saba. Maandiko hayasemi kwamba ngozi yake ilianza kubadilika mara ya pili wala ya tatu. Na hata kama ingebadilika, neno alilopewa lilikuwa saba. Yeye alitaka jambo kubwa, nabii asimame na kupunga mukono. Akapewa maji ya muto, jambo dogo la kurudilia. Kidonge cha kila asubuhi ni vilevile: jambo dogo la kurudilia.

Namna ya kumeza dawa vizuri

Hesabu ya vidonge inafuata kilo zako. Usigawanye dawa yako na bibi yako wala mutoto wako. Kila mutu apimwe na kupewa yake.

Meza asubuhi, tumbo likiwa tupu, kama wakati mumoja kila siku. Kama unasikia kichefuchefu, muambie muganga; anaweza kukuruhusu kula kidogo. Ni afazali kumeza pamoja na chakula kuliko kutomeza.

Ukisahau, meza siku hiyohiyo unapokumbuka. Lakini kesho yake usimeze mara mbili.

Mukojo ukiwa na rangi ya chungwa, usiogope. Si damu, ni rangi ya rifampisini. Machozi na jasho pia vinaweza kubadilika rangi.

Lakini macho yakiwa manjano, ukitapika bila kukoma, ukianza kuona vibaya au kuchanganya rangi, au upele ukienea mwilini, kimbia kwenye kituo cha afya siku hiyohiyo, mbele ya kumeza kidonge kingine. Miguu ikiwaka moto au kufa ganzi, sema pia; kuna vitamini ya kusaidia.

Usifiche dawa zingine unazotumia. Rifampisini inapunguza nguvu ya dawa fulani za virusi vya ukimwi na ya vidonge vya kupanga uzazi. Muganga akijua, atatengeneza mupango. Pombe uiache kabisa, na dawa za miti usichanganye, kwa sababu ini lako tayari lina kazi nyingi. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha aseme hali yake, lakini asiache matibabu.

Dawa hizi ni za bure kwenye vituo vinavyotibu kifua kikuu. Usizinunue sokoni. Na kama vita vinakukimbiza, beba vidonge na karatasi yako ya matibabu pamoja na mutoto mugongoni. Pale utakapofika, uliza kituo mbele ya dawa kukwisha.

Kufunga na karuho

Wengi wananiuliza: "Pasta, nifunge?" Mugonjwa wa kifua kikuu ale. Mwili wake unajenga upya. Sisi wenye nguvu ndio tutafunga kwa ajili yake. Na maji ya kumezea kidonge hayamukasirishi Mungu.

Wengine, wakikohoa na kukonda, wanasema ni karuho, wamelishwa sumu na jirani. Wanazunguka miezi kutafuta wa kuwatapisha, na huku nyumba yote inaambukizwa. Ndugu, kikohozi kikipita majuma mawili, peleka makohozi yapimwe kwanza. Jirani wako pengine hana kosa.

Ushuhuda wa kweli haukimbii kipimo

Katika Luka 17, Yesu aliwatuma wale wakoma kumi kwa makuhani. Sababu gani? Kwa sheria ya Walawi, makuhani ndio walichunguza ngozi na kusema kama mutu ametakaswa. Bwana mwenyewe aliyewaponyesha hakuogopa uponyaji wake uchunguzwe. Basi sisi tunaogopa nini? Makohozi yanapimwa tena mwisho wa mwezi wa pili, mwezi wa tano na mwezi wa sita. Huko ndiko kujionyesha kwetu.

Kwetu sasa tumekata shauri hivi: ushuhuda wa kifua kikuu tunaupokea kwa furaha yote, mwenye ushuhuda akiwa na karatasi yake ya mwisho mukononi. Na kila mugonjwa anayekubali, tunamupa shemasi mumoja wa kumutembelea asubuhi na kumuona akimeza. Hatumutengi. Ugonjwa huu unapita kwa hewa ya kikohozi, si kwa sahani wala kwa kusalimiana, na kisha majuma machache ya dawa nzuri hatari ya kuambukiza inashuka sana. Tunafungua madirisha, tunamukaribisha.

Wachungaji wenzangu, tuweke mikono juu ya wagonjwa, tuombe kwa imani. Lakini tusimuambie mutu hata mumoja aache dawa. Damu yake tutaulizwa.

Tuombe: Bwana, umupe mugonjwa wetu uvumilivu wa siku zote za mwezi wa sita kama za mwezi wa kwanza. Uwape waganga hekima, na sisi wachungaji masikio. Katika jina la Yesu. Amina.