Miaka Thelathini na Sita Bila Mshahara

Mieleka ya sumo huko Japani ina madaraja sita, na walio katika madaraja mawili ya juu ndio pekee walipwao mshahara. Hanakaze Daisaku aliingia ulingoni Machi 1986, akastaafu Januari 2022 akiwa na umri wa miaka 51, asivuke kamwe daraja la tatu kutoka chini. Malipo yake yalikuwa malazi, chakula na posho ndogo. Walio chini ndio wapikao, wafagiao na kuwahudumia wakubwa. Mvumilivu hula mbivu, wahenga walisema. Huyu alivumilia, mbivu wakala wengine. Tumsifu, ndugu wasomaji, lakini sifa haishiki mahali pa ujira. Jasho la wa chini ndilo limsimamishalo bingwa.