Gari la kwanza: Bei ya dalali siyo gharama ya gari

MSIMU ukienda vizuri, mkulima au mfanyabiashara mdogo akishalipa madeni na kutenga fedha za mbegu na mbolea, kinachofuata mara nyingi ni gari. Kwa walio wengi, gari hilo la kwanza huwa ni gari dogo la kutembelea, lililotumika Japani na kutumika tena hapa nchini kwa miaka kadhaa.

Siyo wazo baya. Tatizo ni kwamba wengi huenda kwa dalali na fedha zote mfukoni, wakanunua gari linalomaliza fedha hizo. Mwezi wa pili gari linadai tairi au giaboksi, na fedha pekee zilizobaki ni zile za pembejeo. Hapo gari linaanza kula shamba.

Kanuni rahisi ni kugawa fedha mafungu manne. Matatu yanunue gari, moja libaki. Mwenye Sh8 milioni atafute gari la Sh6 milioni. Sh2 milioni zinazobaki ni za uhamisho wa umiliki, bima, matengenezo ya mwanzo na akiba ya dharura.

Namba siyo umri

Wanunuzi wengi hutazama kwanza herufi za namba. Gari lenye namba D huonekana jipya kuliko la namba B, na bei hupanda kwa sababu hiyo.

Lakini herufi hizo zinaonyesha tu gari lilisajiliwa lini Tanzania, siyo lilitengenezwa lini. Toyota Corolla ambayo wengi huiita 110 ilitengenezwa Japani kati ya mwaka 1995 na 2000. Iliyosajiliwa hapa miaka mingi baadaye itakuwa na namba ya karibuni, lakini injini yake ni ya zamani vilevile. Kenya huzuia kuingiza magari yaliyozidi miaka minane. Tanzania huyaruhusu, ila huyatoza ushuru wa ziada kwa ajili ya uchakavu.

Mwaka wa kutengenezwa usomwe kwenye kadi ya gari, na namba ya chasisi iliyo kwenye kadi ilinganishwe na iliyogongwa kwenye gari lenyewe. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, mnunuzi aondoke.

Asubuhi, injini ikiwa baridi

Gari likaguliwe asubuhi kabla halijawashwa. Injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa wa kuwaka kwa shida. Moshi wa bluu unaoendelea kutoka ni dalili kuwa injini inakula oili. Kifuniko cha oili kikiwa na ute wenye rangi ya chai ya maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili, na hayo ni matengenezo makubwa.

Mita ya kilomita isiaminiwe peke yake, kwani hurudishwa nyuma. Ikisoma kilomita 70,000 huku raba ya pedeli ya breki imelika na usukani umechakaa, mita hiyo inadanganya.

Tairi nazo zina umri. Ubavuni huwa na tarakimu nne: 1419 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limezeeka na kupasuka njiani.

Fundi wa kukagua achaguliwe na mnunuzi, siyo na dalali. Ujira wake ni mdogo kuliko bei ya giaboksi.

Karatasi zina uzito

Jina la muuzaji lilingane na jina lililo kwenye kadi. Kadi huwekwa rehani kwa wakopeshaji, hivyo anayesema "kadi ipo nyumbani, nitakuletea" asipewe fedha. Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, na uhamisho wa umiliki ufanyike mapema TRA, ambako mnunuzi atahitaji namba ya mlipakodi (TIN). Kabla ya kulipa, iangaliwe pia kama gari linadaiwa faini za barabarani, kwani deni hilo hufuata namba ya gari.

Je, litalipa?

Tuseme mfanyabiashara wa nyanya anaishi kilomita 40 kutoka mjini. Kwenda na kurudi ni kilomita 80. Gari likienda kilomita 12 kwa lita, atatumia karibu lita saba. Lita ikiwa Sh3,000, hiyo ni Sh20,000 hivi. Akitenga Sh5,000 za oili, tairi na spea, safari moja ni Sh25,000, kabla ya bima na kushuka kwa thamani ya gari.

Kama nauli na mzigo kwenye basi vilikuwa Sh10,000, kila safari imeongeza Sh15,000. Kwa safari mbili kwa wiki, ni zaidi ya Sh1.5 milioni kwa mwaka. Kiasi hicho lazima kirudi kwa kuwahi soko, kufikia wateja wapya au kuokoa siku za kazi. Kisiporudi, gari ni matumizi ya nyumbani. Hilo siyo kosa, mradi lilipwe na faida na siyo mtaji.

Asijidanganye pia kuwa gari hilo ni pikapu. Matenga ya nyanya kwenye buti na viti vya nyuma, katika barabara ya vumbi, humaliza shokapu na springi mapema.

Atakayefanya hesabu hizi kabla ya kumwona dalali huenda akanunua gari la bei ndogo kuliko alilolitamani. Lakini mvua zikianza, atakuwa na gari na mbegu pia.