Agizo Husikika Linaporudiwa

Mkuu wa kazi akishatoa maelekezo huuliza, "Mmeelewa?" Wote hujibu ndiyo, na jibu hilo halimwambii kitu. Aliyeelewa hulitoa, na asiyeelewa naye hulitoa, kwa heshima au kwa haraka. Mwingine hulitoa kwa dhati, akidhani ameelewa. Huyo ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa sababu hana swali la kuuliza.

Tarehe 27 Machi 1977 ukungu ulitanda uwanja wa ndege wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife. Marubani wa ndege ya KLM walikuwa wamepewa maelekezo ya njia ya kufuata wakishakuwa angani. Ruhusa ya kuruka walikuwa hawajapewa. Rubani msaidizi aliyarudia redioni, akamalizia kwa maneno yaliyoweza kumaanisha wako tayari kuruka, au wameshaanza. Mwongozaji ndege akaitikia "OK", kisha akawaambia wasubiri. Agizo hilo la kusubiri likagongana redioni na sauti kutoka ndege ya Pan Am, iliyokuwa bado kwenye barabara ileile ya kurukia. Mhandisi wa KLM aliuliza kama Pan Am imetoka. Nahodha, mwalimu wa marubani katika shirika lake, akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. Mhandisi hakuuliza tena. Ndege hizo mbili zikagongana, na watu 583 wakafa.

Baada ya hapo, neno la kuruka lilitengwa litumike pale tu ruhusa inapotolewa au kufutwa, na rubani akatakiwa kuirudia ruhusa yenyewe badala ya kuitikia tu. Wasaidizi nao wakaanza kufundishwa kumpinga nahodha waonapo hatari. Kwangu hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwani utaratibu wa maneno hausaidii mahali ambapo mdogo anaogopa kusema.

Je, maandishi hayatoshi? Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa katika upasuaji. Hospitali 8 ziliijaribu, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Kwa jumla vifo vya wagonjwa wa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo haibandikwi ukutani ikaachwa hapo. Husomwa kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Wahusika hujitambulisha kwa majina na kazi zao, kisha kila mmoja hujibu linalomhusu. Maandishi huzuia kusahau. Kuelewana huja watu wanapojibizana.

Kwa hiyo mtoa agizo aache kuuliza "Umeelewa?" Aseme, "Nieleze utaanzaje." Na akiulizwa mara ya pili asikunje uso, maana uso huo hunyamazisha maswali ya mwezi mzima. Daktari akipiga simu usiku kuagiza dawa itolewe kila baada ya saa nane, ni rahisi muuguzi kusikia itolewe saa nane. Aandike, amsomee daktari alichoandika, na daktari asikate simu kabla hajasikia.