PAKA NYUMBANI: ANAWEZAJE KUSAIDIA MOYO ULIOCHOKA?

Ndugu mkazi wa Omugo,

Eneo letu lilifunguliwa mwaka 2017 kama sehemu ya makazi ya Rhino Camp, wakati watu wengi walipokuwa wakikimbia vita Sudani Kusini. Wengi walifika wakiwa wamepoteza jamaa, nyumba na mifugo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba katika nchi zilizopata vita, mtu mmoja kati ya watano ana tatizo fulani la afya ya akili. Kwa hiyo ukikosa usingizi, ukishtuka ovyo au ukikosa hamu ya kufanya kazi, huo si uchawi, na wala si aibu.

Watu wengi hapa hufuga paka kwa ajili ya panya tu. Leo tunaeleza faida nyingine ya paka, na mambo ya kuangalia kabla hujamleta nyumbani.

PAKA HUSAIDIAJE?

1. Hutuliza mwili. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi 249. Waliokaa dakika 10 wakiwapapasa paka na mbwa walikuwa na kiasi kidogo zaidi cha homoni ya msongo katika mate yao kuliko wanafunzi ambao hawakuwagusa.

2. Hukupa kazi ya kila siku. Mtu mwenye huzuni nyingi huona siku zote zinafanana. Mtoto wa paka halali njaa kimya: asubuhi atakuamsha umpe maji na chakula. Kazi hiyo ndogo humtoa mtu kitandani.

3. Hupunguza upweke. Mzee anayeishi peke yake hupata kiumbe cha kusema naye. Mtoto asiyependa kuongea na watu wazima mara nyingi huongea na paka.

4. Hupunguza panya. Panya hula mahindi na maharage yaliyohifadhiwa, na kelele zao usiku huwanyima watu usingizi. Anayelala vizuri huamka na akili iliyotulia.

Kupenda paka si jambo geni kwa jamii zetu. Waislamu wanamjua Abu Huraira, sahaba wa Mtume, ambaye jina lake maana yake ni "baba wa paka mdogo".

SOMO KUTOKA RHINO CAMP

Mwaka 2017 wanawake 694 kutoka Sudani Kusini walishiriki katika utafiti hapa hapa Rhino Camp. Baadhi yao walipata mafunzo ya WHO ya kukabiliana na msongo: vikao vitano vya kikundi, sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba, na kitabu cha picha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Miezi mitatu baada ya mafunzo, waliohudhuria walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao.

Mafunzo hayo hayakuwa na paka. Lakini zoezi lake moja unaweza kulifanya ukiwa na paka mapajani. Mawazo mabaya yanapokujia, pumua polepole. Kanyaga ardhi kwa miguu yote miwili. Kisha angalia kilicho mbele yako: joto la paka, manyoya yake, sauti ya kukoroma kwake. Mawazo yatakuwepo bado, lakini utakuwa umerudi mahali ulipo sasa.

KABLA YA KUMCHUKUA

Jiulize maswali haya pamoja na watu wote wa nyumba:

- Je, tuna chakula cha kumpa? Tangu mwaka 2023 mgao hutolewa kwa makundi kulingana na mahitaji, na kaya nyingi hupata kidogo kuliko zamani. Ikiwa watoto wako wanalala na njaa, subiri. Si dhambi kusubiri. Unaweza kumpapasa paka wa jirani.
- Je, nani atamtunza tukisafiri au tukihamishwa?
- Je, kuna mtu nyumbani anayeogopa paka, au anayebanwa kifua akikaa karibu naye?

Usimtenge mtoto wa paka na mama yake kabla hajafikisha wiki 8. Chagua mwenye macho safi, asiyeharisha, anayecheza. Omba kwa mwenye paka. Usiokote mtoto wa paka kichakani kabla hujahakikisha kwamba mama yake hayupo karibu.

JINSI YA KUMTUNZA

Mpe chakula kidogo mara tatu au nne kwa siku. Paka hawezi kuishi kwa posho peke yake. Anahitaji samaki au nyama. Mukene kidogo iliyochemshwa bila chumvi na kuchanganywa na posho inafaa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi, hivyo mpe maji safi.

Muwekee boksi lenye mchanga. Ondoa kinyesi kila siku ukitumie koleo au kipande cha kopo, ukitupe chooni, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Akifikisha miezi mitatu, muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Muulize pia kuhusu kumfunga kizazi. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano tu.

JILINDE WEWE NA FAMILIA YAKO

- Kichaa cha mbwa. Paka pia huambukiza. Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo. Usingoje dalili, kwa maana dalili zikishaanza karibu kila mgonjwa hufa.
- Tauni. Ugonjwa huu umewahi kutokea West Nile, katika wilaya za Arua na Zombo. Huenezwa na viroboto wa panya, na paka anaweza kuupata akila panya mgonjwa. Ukiona panya wengi wamekufa bila sababu, usiwaguse. Mwarifu VHT mara moja. Usimbebe paka mwenye homa au uvimbe shingoni.
- Mama mjamzito asiondoe kinyesi cha paka. Kuna vimelea ndani yake vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Kazi hiyo afanye mtu mwingine. Mboga zioshwe vizuri.
- Mapunye. Paka mwenye mabaka yasiyo na manyoya anaweza kuwaambukiza watoto ngozi.
- Sumu ya panya. Usiitumie nyumba yenye paka. Paka akila panya mwenye sumu, naye anaweza kufa.

Jambo moja zaidi: mtoto aliyekwisha kupoteza ndugu anaweza kuumia sana paka wake akifa. Usimcheke wala kumwambia "ni paka tu". Mwache alie, mzike paka pamoja naye.

PAKA SI DAWA

Paka husaidia, lakini hachukui nafasi ya mganga wa kituo. Nenda kituo cha afya, au mwambie VHT wako, ikiwa wewe au mtu wa nyumbani kwako:

- halali vizuri au hali chakula kwa zaidi ya wiki mbili;
- anaota vita kila usiku, au anaona na kusikia vitu ambavyo wengine hawavioni;
- anakunywa pombe ili asahau;
- anasema hana faida ya kuishi, au anataka kujiua.

Kwa hilo la mwisho usingoje kesho. Usimwache peke yake. Ondoa sumu, kamba na visu karibu naye, mtafute VHT au kiongozi wa kijiji, na mfuatane naye hadi kituoni. Kumuuliza mtu wazi kama anafikiri kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema.

KUMBUKA

Mchukue paka ikiwa unaweza kumlisha. Mchanje. Nawa mikono. Na mzigo ukizidi, mwambie mtu: paka atakusikiliza, lakini hawezi kukupeleka kituoni.