Tairi la Akiba Nalo Lifanye Kazi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Chama cha msingi huweza kuandika kila lita ya mafuta ya pikapu yake, na huku kikalisahau tairi la tano, lile la akiba, ambalo nalo lilinunuliwa kwa fedha za wanachama.

Matairi hayaliki sawasawa. Ya mbele hukata kona na hubeba uzito mwingi gari linapofunga breki. Ya nyuma hulisukuma gari na kubeba magunia. Wakati huo la akiba limening'inia bure chini ya bodi. Lakini mpira huzeeka hata usipotumika; joto na hewa huukausha ukafanya nyufa. Pancha ikitokea katikati ya msimu wa mazao, ndipo dereva hugundua kuwa akiba yake haifai, na mazao ya wanachama hubaki njiani.

Kinga ni kuyahamisha matairi yote matano kwa zamu, kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000. Kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, au yote manne, zamu huenda hivi:

(a) la nyuma kushoto liende mbele kushoto;
(b) la mbele kushoto liende nyuma kulia;
(c) la nyuma kulia liende mbele kulia;
(d) la mbele kulia liwe la akiba;
(e) la akiba liende nyuma kushoto.

Tuseme matairi manne hudumu kilomita 40,000. Matano yakipokezana yatafika 50,000, maana kila moja hupumzika zamu moja katika tano. Hiyo si zawadi, kwani tairi la tano limekwisha kulipiwa. Faida ni kwamba hutumika kabla ya kuharibika. Tena matano huchakaa kwa kiasi kimoja, jambo linalohifadhi difu, hasa ya gari linalosukumwa na magurudumu yote manne.

Utaratibu huu haufai kwa tairi la akiba lililo dogo kuliko mengine, wala kwa matairi yenye mshale ubavuni unaoonyesha upande wa kuzunguka. Baada ya kuhamisha, upepo upimwe upya kwa kila nafasi, nati zikazwe kwa kupishana, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Katibu naye afungue ukurasa wa matairi: tarehe, kilomita, na tairi lipi limehamia wapi. Aandike pia tarakimu nne za ubavuni zinazoonyesha wakati wa kutengenezwa. Kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kwa ukurasa huo, mwanachama atakayeuliza katika mkutano mkuu kwa nini matairi mapya yanunuliwe atapata jibu lenye ushahidi.