Chama cha Wafanyikazi ni cha Nani?

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tunakutana na wafanyikazi wengi wanaokatwa pesa za chama kila mwezi, na hawajui zinawasaidia nini. Wengine wanasema tu, "COTU ni ya Serikali." Maneno haya yalitoka wapi?

COTU ilianzaje?
Mwaka 1965 kulikuwa na mashirikisho mawili, KFL na KAWC, nayo yalikuwa yakigombana vikali. Serikali ya Mzee Kenyatta iliyafuta yote mawili, ikaanzisha COTU. Kufuatana na katiba ya COTU ya wakati huo, wafanyikazi walipeleka majina matatu, na Rais akachagua mmoja awe Katibu Mkuu. Tena makato ya chama yalihitaji amri ya Waziri wa Kazi. Basi kiongozi alikuwa na mabwana wawili, na Injili inatufundisha mambo hayo huishia wapi.

Mwaka 1993
Mwaka huo shilingi ilianguka na bei za vitu zikapanda kwa takriban asilimia 46. Mshahara wa mwezi haukufika hata nusu ya mwezi. COTU, ambayo hapo awali ilikuwa imejiunga na KANU, sasa iliita mgomo wa nchi nzima kudai nyongeza. Serikali ikasema mgomo huo si halali, na Katibu Mkuu, Joseph Mugalla, akakamatwa wakati wa sikukuu ya Mei Mosi. Hapo watu waliona wazi: shirikisho lililoundwa na Serikali lilivumiliwa mradi tu linyamaze.

Siku hizi sheria inasemaje?
Sheria mpya za kazi zilipitishwa mwaka 2007. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyikazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Lakini si kuamka tu asubuhi na kuweka jembe chini. Kwanza mzozo upelekwe kwa mpatanishi. Ukishindikana, chama kitoe notisi ya siku 7 kwa maandishi. Mkiruka hatua hizi, mwajiri atakimbia kortini na mgomo utasimamishwa.

Kanisa limesema tangu mwaka 1891, katika barua ya Papa Leo wa 13, Rerum Novarum, kwamba wafanyikazi wana haki ya kuungana. Serikali ina kazi ya kuilinda haki hiyo, si kuimiliki. Lakini hata sheria nzuri haisaidii chama ambacho wanachama wake hawaji mkutanoni. Mkiacha kiti wazi, mwingine atakikalia.

Maswali ya jumuiya
1. Nani kati yetu anamjua mwakilishi wa chama chake kazini?
2. Uchaguzi wa tawi hufanyika lini, na tunahudhuria?
3. Mara ya mwisho tuliuliza hesabu ya makato yetu lini?