Fahamu: Kuletewa unga nyumbani Tseikuru kunategemea nini?

Mwishoni mwa 2023 Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, ilifunga huduma yake ya kupeleka vyakula katika nchi saba, Kenya ikiwamo. Kikwazo kikubwa cha biashara hii ni nauli: safari hulipa pale oda nyingi zinapokuwa karibu karibu, na Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, boma moja liko mbali na jingine. Hata hivyo nyenzo zipo: simu kwa mwenye duka, M-Pesa, iliyoanza 2007, kisha bodaboda. Mtu atasema programu ya simu ya kuagizia huonyesha bei na kutoa risiti. Ni kweli, na anayelipia unga asiouona anastahili kinga hiyo. Lakini ujumbe wa bei kabla ya malipo unatosha kuwa ushahidi, na majirani wakiagiza pamoja, mzigo ukabebwa safari moja, nauli hugawanyika bila kungoja kampuni kutoka Nairobi.